MJADALA: Uwanja wa ubingwa wa gofu urudishwe ulivyokuwa zamani, au ubanwe zaidi?

Mkereketwa wa Shangani: Wadau wa gofu Mtwara na Lindi, najua tuko wachache, lakini hili tulijadili. Mwaka 2010 na 2011 wasanifu wa viwanja Bill Coore na Ben Crenshaw waliurudisha uwanja wa Pinehurst No. 2, North Carolina, ufanane na kazi ya Donald Ross, aliyeusanifu mwanzoni. Nyasi za ekari zaidi ya 30 ziling'olewa, rafu (nyasi ndefu za pembeni) ikaondoka kabisa, pembeni pakabaki mchanga na vishungi vya nyasi pori. Aliyefika ufukwe wa Msimbati ananielewa. Vinyunyizio vya maji vilipungua kutoka zaidi ya 1,100 hadi karibu 450. US Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, ya 2014 ikapigwa hapo, wanaume wiki moja, wanawake iliyofuata. Kwangu mimi huo ndio uwanja unaompima bingwa. Anayepinga aje.

Mwana Mikindani: Napinga, kaka. Martin Kaymer, bingwa wa wanaume 2014, alifungua na mikwaju 65, kesho yake 65 tena, akamaliza 9 chini ya pari (idadi ya mikwaju inayotarajiwa uwanjani). Mwaka 2005 hapohapo, rafu ikiwepo, Michael Campbell alibeba kombe kwa pari kamili. Mmeulegeza uwanja, semeni tu.

Mkereketwa wa Shangani: Umemtazama mmoja. Wanaume waliomaliza chini ya pari walikuwa watatu, na wanawake ni Michelle Wie peke yake. Uwanja uliolegea hauna matokeo hayo! Kaymer, mpira ukitoka nje ya grini (nyasi fupi zenye shimo), hakujisumbua kuunyanyua. Aliuviringisha kwa fimbo ya kumalizia. Wenzake walikuwa bado wanachagua fimbo. Kwenye rafu ndefu hakuna cha kuchagua: unachomoa fimbo fupi, unakandamiza, unamwomba Mungu.

Kijana wa Nachingwea: Shikamooni. Naongezea US Open ya 2020 uwanja wa Winged Foot. Msanifu Gil Hanse alishaukarabati, ila rafu ilibaki nene. Bryson DeChambeau alipata feawei (njia ya nyasi fupi) 23 tu kati ya 56, bado akashinda kwa 6 chini ya pari. Mwenye misuli rafu haimtishi.

Mwana Mikindani: Marahaba, mdogo wangu, umenisaidia bila kujua. Pinehurst 2024 haikuwa na rafu. Bingwa? DeChambeau. Alama? 6 chini ya pari. Sasa ukarabati umebadilisha nini?

Mkereketwa wa Shangani: Shimo la 18 uliliona? Alipiga kushoto, akajikuta mchangani kwenye mizizi ya mti, misuli haikumfaa kitu. Kilichomwokoa ni mkwaju wa kutoka bunka (shimo la mchanga), karibu mita 50, mpira ukatulia jirani na shimo. Hapo alishinda kwa mkono mwepesi.

Mwana Mikindani: Haya, chukua US Open ya 2025 uwanja wa Oakmont. Hanse huyohuyo aliukarabati 2023, na siku ya mashindano rafu ilimeza viatu. Aliyeshinda ni J.J. Spaun, wala si mpigaji wa mbali, na ndiye pekee aliyekuwa chini ya pari, 1 tu. Kwa hiyo ukarabati na rafu vinakaa pamoja vizuri. Jibu hilo kwanza, mimi nalala, ni saa nane usiku.