Eosinofili zimepanda: ni minyoo au ugonjwa mwingine?

Mama Neema, Bukavu: Wapendwa, mwanangu mwenye pumu amepimwa damu, eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) zikawa 1,900 kwa mikrolita, je, aanze prednisoloni (dawa ya steroidi) ya muda mrefu?

Muuguzi, Kadutu: Mama, subiri kwanza. Kwetu minyoo ndiyo hushukiwa mwanzo, na strongiloidi, mnyoo mdogo wa utumbo, ambayo kipimo kimoja cha choo huweza kuikosa, husambaa mwilini hata kuua mgonjwa anapopewa steroidi. Kwa hiyo daktari huitafuta, na mara nyingi hutanguliza ivermektini, dawa ya minyoo, akiwa amehakikisha kwamba hakuna loa, yaani mnyoo wa jicho.

Papa Bahati, Goma: Ni kweli. Eosinofili zikidumu juu ya 1,500, moyo na mapafu vichunguzwe, hata mtoto akionekana mzima.

Mama Neema: Na chakula kinachomkwama kooni?

Muuguzi: Hilo huhitaji endoskopia (kipimo cha kamera kupitia koo) na vipande vidogo vya umio vya kupimwa; eosinofili 15 au zaidi katika eneo moja la darubini huashiria uvimbe wa umio unaohusiana na eosinofili.