Bosi ukifunga traka kwenye boda, dereva umwambie au umfiche? Tujadili, watu wa Mtwara na Lindi

Wadau wa kusini habari za saa hizi. Naileta hii hapa kwa sababu juzi kijiweni Chikongola watu nusura washikane mashati, na mimi ni mmoja wa waliopandisha sauti, kwa hiyo nimeona bora nitulie niandike. Swali lenyewe dogo tu: pikipiki ni yako, umempa kijana aendeshe alete hesabu, umefunga traka, kile kifaa cha kukuonesha kwenye simu chombo kiko wapi. Umwambie kwamba imo au unyamaze?

Mzee mmoja mwenye boda zake nne akasema siri ya mtungi aijuaye kata, dereva inamhusu nini, ukimwambia leo kesho ameshaipeleka kwa fundi wameing'oa, keshokutwa anakupigia analia eti kaibiwa. Vijana nao wakamjia juu, kwamba sisi sio mbuzi wa kufungiwa kengele shingoni. Hapo ndo pakawaka.

Mimi kabla sijasema nilipo niwape yaliyonikuta, maana mpaka mwaka juzi nilikuwa upande wa mzee.

Hela ya korosho ya familia kule Tandahimba ilipoingia benki baada ya mnada, si mnajua huku msimu ukifika kila nyumba inanunua pikipiki, ikifika Machi nusu yake zinauzwa, basi na mimi nikachukua Boxer. Nikampa kijana mmoja kwa mkataba, elfu 10 kwa siku, Jumapili yake mwenyewe, miezi 14 ikiisha chombo kinakuwa chake. Traka nikaifunga kimyakimya kabla sijamkabidhi, kadude kadogo kama kiberiti, chini ya tenki, waya mmoja kwenye betri mwingine kwenye bodi, laini nimesajili kwa kidole changu. Miezi sita mambo safi. Nafungua simu namwona yuko Ligula, mara yuko Shangani, mara kapanda Mikindani. Ukweli niuseme, ile kitu inalevya. Kuna siku nilimwona kasimama masaa matatu kwenye kilabu cha uraka nikaanza kupiga hesabu ya hela yangu inavyonywewa, kumbe pale nyuma ndo kwao.

Sasa ikafika mahali pikipiki asubuhi haiwaki kwa stata, mpaka apige kiki. Hizi traka zinakula umeme kidogo hata chombo kimezimwa, na betri yenyewe ilikuwa imeshachoka. Dogo hajui kitu, akaipeleka kwa fundi wake. Fundi akafungua tenki akakuta kidude, akasema hii alamu ya Kichina imekufa, ndo inanyonya betri. Akakata waya. Betri ikapona, dogo akaendelea na kazi, hesabu inakuja kila jioni, na mimi kwa vile hela inaingia wala sikufungua simu kuangalia.

Siku ya tisa ikaibiwa. Jumamosi usiku, alipeleka watu kwenye sherehe ya unyago akaipaki nje na zingine, kafunga loki ya usukani tu, ile ambayo kijana mwenye nguvu anaivunja kwa mguu. Saa nane usiku ananipigia hata kuongea hawezi. Mimi nikacheka kimoyomoyo, nikafungua simu, kidoti hichoo kimetulia kwenye gereji ya fundi. Nikajua tayari, fundi na dogo wamepanga.

Tulienda watu sita. Wawili wana mapanga, na hili siliandiki kwa kujisifu. Tukagonga, mkewe akafungua, mtoto nyuma yake analia, watu tayari wameanza kusema mwizi mwizi na majirani wanatoka, na nyie mnajua neno hilo likishasemwa usiku linaishiaga wapi. Fundi akaja anafunga msuli, akatuangalia, tukamwambia toa pikipiki. Akasema pikipiki gani. Nikamwonesha simu. Akaiangalia, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa limejaa nati na skrubu, akachakura humo akanipa kadude kangu, laini yangu ndani yake. "Hii hapa, nilikuwa namtunzia dogo nikasahau."

Chini ya kile kidoti kuna maandishi madogo yanasema taarifa ya mwisho ilipokelewa lini. Siku tisa zilizopita. Sikuwahi kuyasoma.

Asubuhi tukaenda kuchukua RB, tukapeleka namba ya chasisi na ya injini na kopi ya kadi. Pikipiki haijaonekana mpaka leo. Kijana alikuwa ameshanilipa karibu milioni 1 na laki 8, na mkataba wetu haukuandika ikiibiwa hasara ya nani, kwa hiyo ukawa mzozo mwingine tukaumaliza kwa wazee.

Ndo maana nasema sasa hivi bila kigugumizi: mwambie. Usimwambie imekaa waya gani, ila ajue imo. Dogo angejua, angemwambia fundi kaka humo kuna traka ya bosi usiguse, kwisha habari, na betri ingenunuliwa mpya. Na ile methali ya mzee naomba nimrudishie kwa heshima zote: kwenye huu mtungi kata ni nani? Anayeingia na kutoka humo kila siku ni dereva. Mimi bosi ni wa kuangalia mtungi kwa nje.

Watu wanasema akijua ataing'oa. Sikatai wapo. Ila dereva mwizi hahitaji kuambiwa, siku hizi kila anayepanga kukupiga anajua kwanza atafute traka, anafungua tenki, anafungua siti, anang'oa betri. Huyo hata ufiche vipi. Unayemkomoa kwa kuficha ni yule mwaminifu. Mbona mabasi ya Dar yana kifaa cha kufuatilia mwendo cha LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, na dereva anajua kipo, na kwa kujua huko ndo anapunguza mwendo? Kifaa kinachojulikana kinamlinda mtu na yeye mwenyewe.

Alafu kuna hili la kuzima injini kwa simu, ambalo mimi naliona baya kuliko yote na watu wanalichukulia kama mchezo. Traka nyingi zinakuja na relei, kiswichi cha kukata umeme, inaungwa kwenye waya wa swichi, ukituma meseji pikipiki inazima. Akikimbia nayo mwizi, safi sana. Lakini bosi mmoja namfahamu vizuri, dereva wake kalala na hesabu ya siku mbili, akaizima mchana kweupe. Dereva yuko kwenye ile barabara ya Mikindani kampakia mama na mtoto, nyuma yake malori ya makaa ya mawe yanashuka kwenda bandarini. Ikazima. Akajivuta pembeni, hakuna aliyeumia, ila yule mama alishuka akatembea kwa miguu na hela hakulipa. Zipo traka zenye mpangilio wa kusubiri mpaka mwendo ushuke chini ya kilomita 20 kwa saa ndo zizime, sasa nani kati yetu anakumbuka kuuliza hilo dukani? Tunauliza bei na inakaa na chaji muda gani.

Na namba ya siri! Nyingi zinakuja na 123456 na zinabaki hivyo hivyo. Mwaka 2022 Wamarekani walitoa onyo kuhusu traka moja ya Kichina inaitwa MiCODUS MV720, ya bei rahisi tu, kwamba mtu baki anaweza kuingia akaona gari lako liko wapi na hata kulikatia mafuta, na moja ya matatizo yake ni hiyo hiyo 123456. Kwa hiyo wewe uliyefunga ili mwizi asikuibie unaweza ukawa umemchorea ramani: pikipiki inalala wapi, inaamka saa ngapi. Kama yako hujabadilisha acha kusoma hapa kabadilishe kwanza.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Katiba Ibara ya 16 inazungumzia faragha ya mtu, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayotaka mtu ajulishwe kwamba taarifa zake zinakusanywa na za nini. Pikipiki ni yako, ndio, ila anayekaa juu yake ni mtu, na Jumapili ile aliyopewa iwe yake anaenda anakojua. Mimi sio wakili, nasema tu mstari mmoja kwenye mkataba, "chombo hiki kina kifaa cha kuonesha kilipo", haugharimu hata wino wa kutosha.

Na tusidanganyane, traka haileti pikipiki nyumbani. Inakuonesha kidoti. GPS yenyewe inapokea tu kutoka satelaiti, kukuletea wewe habari kunategemea mtandao wa simu na bando kwenye ile laini. Sisi tuko mpakani na Msumbiji. Chombo kikivushwa Kilambo, au kiangazi Ruvuma maji yamepungua kikapakiwa kwenye mtumbwi, ng'ambo ile laini yako ya Tanzania inakuwa kipande cha plastiki tu kama haijawekewa huduma ya kutumika nje. Kikipelekwa Mtambaswala hivyo hivyo. Hata humu ndani tu, ukiacha lami ukaingia kwenye mikorosho mtandao unakuja na kuondoka. Kwa hiyo una saa moja, mbili, basi. Mwenye saa hiyo mkononi ni nani? Ni dereva aliyepo pale, sio mimi niliyelala. Kama na yeye ana ile aplikesheni kwenye simu yake anaanza kufuatilia papo hapo, anapiga simu vijiwe vya mbele, Naliendele, Nanguruwe, au ile njia nyingine ya kwenda Mnazi Mmoja kule njia panda ya Lindi na Masasi. Boda wenzake watafunga barabara kabla polisi hawajavaa viatu, na kabla sijapata miwani.

(Sisemi watu wajichukulie sheria mkononi, nimeshawaeleza ya kwa fundi. Wazuie, waite polisi.)

*

Naongezea hapa baada ya kusoma mlichoandika.

Dereva wa Masasi ameandika yeye alidai aoneshwe lokesheni kama bosi anavyoona, bosi akakubali, na sasa akisingiziwa kwamba alikuwa Ndanda badala ya kijiweni anafungua simu anaonesha. Hii sikuwa nimeifikiria. Traka kuwa shahidi wa dereva.

Aliyesema hizi zote mbwembwe, yeye ana mnyororo, diski loki na swichi ya siri ya kukata umeme, na usiku pikipiki inalala sebuleni: uko sahihi kaka, hata mimi inalala ndani, watoto wanakula chakula chenye harufu ya petroli. Ila mchana je?

Sasa yupo dada wa Lindi ameniandikia kwa ukali na sina jibu zuri. Anasema alikopa kwenye kikoba, kila wiki anarejesha, dereva wa kwanza alikuwa anamwambia leo hakuna abiria, kesho tairi, keshokutwa homa. Akafunga traka kwa siri, akakuta kwa siku anazunguka kutwa nzima. "Wewe mwanaume ukimwambia dereva kuna traka anakuogopa, mimi nikimwambia ananicheka, anaing'oa halafu ananiletea maneno. Faragha yake italipa kikoba changu?" Dada yangu, nimekusoma mara mbili. Nilitaka kukwambia mwandikishieni mkataba mbele ya mwenyekiti wa mtaa, lakini najua mikataba mingapi ya mwenyekiti iko kabatini na pikipiki haipo. Mimi pamoja na kusema yote hapo juu, ungekuwa dada yangu wa tumbo moja sijui kama ningekwambia uitoe. Ningekwambia labda dereva wa pili aanze kwa kuambiwa. Wengine mnaonaje hapo, hasa kina mama wenye boda, maana kijiweni kwetu mjadala wote ule hakukuwa na mwanamke hata mmoja.

Na anayeuliza kama serikali iweke lazima kila boda iwe na traka kama mabasi: nani atalipa? Mkishasema bosi, bosi ataongeza hesabu, atalipa dereva. Mimi hapana.

Kijana wangu wa sasa anajua, aplikesheni anayo, na bando la ile laini tunapokezana mwezi wake mwezi wangu. Mwezi huu ni wangu na linaisha leo saa sita usiku, kanikumbusha mara mbili, ngoja nikaweke.