Paa wanaisha na kila msasi anamsonta mwenziwe, nani hasa?

Mtoto wa Uwanda:
Asalaam aleikum waungwana. Mie niko kusini Unguja, kwetu huku uwandani, jiwe tupu na vichaka. Ami yangu ni msasi, anawinda kwa mbwa, tangu nipate akili kila Jumapili yeye na wenziwe wanatoka alfajiri na mikuki kwenda kufukuza nguruwe kwenye mashamba ya watu, na wakibahatika paa basi siku hiyo mchuzi unanukia mpaka kwa jirani. Sasa wiki iliyopita kaitwa na kamati ya msitu mbele ya sheha, mkuu wa mtaa wetu, kaambiwa nyinyi wa mbwa ndio mnaomaliza paa nunga, hawa paa wetu wadogo wa msituni. Ami kanyamaza, karudi nyumbani hata chai hakunywa. Jioni barazani ndo akasema wanaomaliza ni watu wa mjini wanaokuja usiku na gari na bunduki. Sasa pale barazani yupo mmoja ana bunduki yake ya leseni, akawaka, akasema bunduki haimalizi kitu, kinachomaliza ni waya wa mtego. Na wa waya hakuwepo wa kujitetea maana sijapata kumsikia mtu hata mmoja akasema mie natega.

Jana nimekwenda kuni nikamkuta paa kwenye waya wa breki ya baskeli. Nunga kabisa, yale madoa meupe miguuni na ule mkanda mweupe matakoni. Kashakufa, siafu wamo machoni. Sikujua nimpelekee nani habari nikamwacha pale pale. Niambieni kweli, nani wa kulaumiwa?

Mzee Nyavu:
Waaleikum salaam mwanangu. Usasi nimeufanya mpaka magoti yakakataa, kwa hiyo nisikilize. Sisi tulikuwa tunatandaza nyavu, watu wengine wanapita upande wa pili na mbwa wanapiga makelele, mnyama anakimbilia wavuni, anakamatwa mzima. Ukimshika unamuona kama ana mimba, ukitaka unamwachia. Tulikuwa tunaachia? Wapo walioachia na wapo waliochinja, sitakudanganya, kitoweo kitamu. Lakini usasi ule una watu ishirini na makelele, kijiji kizima kinajua leo mmeingia msituni. Waya unawekwa na mtu mmoja kimya kimya, halafu unakaa pale wiki nzima hauli haulali, unakamata mwenye mimba na mtoto na mbwa wangu pia, mbwa wawili nimewazika kwa waya.

Na dini jamani. Mbwa aliyefundishwa ukamtuma kwa bismillahi hiyo ni kazi inayojulikana. Huyo wako aliyekutwa na siafu machoni ni mzoga. Sasa wallahi niambie wangapi wamekula mzoga wakaambiwa "tulimuwahi bado mzima tukachinja".

Paa nunga 1983 walikadiriwa kama 5,000 hapa Unguja, kufika 1999 hesabu haikufika hata 1,000. Kusakamana huku si kwa leo. Baada ya Mapinduzi chui alisakwa kijiji kwa kijiji, lawama juu ya wachawi ati ndio wanaowafuga, sasa ukimtaka chui wa Unguja nenda makumbusho Mnazi Mmoja kajazwa pamba.

Leseni Mkononi:
Mzee heshima yako, lakini hapo umejitoa kwenye kesi kiaina. Nami najitoa haha. Mie bunduki ninayo kihalali, nawinda kanga na njiwa, na nikipigiwa simu na mkulima nakwenda kumpigia nguruwe. Nikionekana tu na bunduki begani naambiwa huyo mtu wa mjini kaja kumaliza paa. Lakini nami niseme kweli maana hapa hakuna anijuaye, wenzangu wenye tochi kichwani wapo. Paa ukimmulika usiku anasimama anakutazama, hapo hata mtoto hakosi. Usiku mmoja watu wawili wanaweza kutoka na wanyama ambao nyavu za mzee zisingewapata mwezi mzima. Sheria namba 10 ya misitu ipo tangu 1996 na saa nane za usiku porini hujamkuta askari.

Bi Muhogo:
Mnazungumza wasasi wasasi, hakuna aliyeuliza mkulima. Waya nyingi hazitegwi na msasi yeyote, zinategwa pembeni ya muhogo kwa ajili ya nguruwe, ndo paa akipita akinasa basi riziki. Nguruwe usiku mmoja kanifukulia matuta yote ya upande wa kisima, wasasi wa mbwa nimewaomba wamekuja baada ya siku tisa. Wenzetu jirani na msitu wa Jozani wanaoliwa mazao na kima punju, wale wekundu, angalau wanaonjeshwa chochote katika pesa za watalii, mie wa nguruwe nani ananipa? Sijasema natega. Nasema tu.

Yakhe wa Chake:
Bi Muhogo kashasema 😂 Pemba kwetu ilikuwa popo. Wale wakubwa wenye uso kama mbwa, duniani kote hawapo ila Pemba. Waliokuwa wakiwapiga bunduki wanasema si sisi ni wanaokata miti, wakata miti wanasema si sisi ni bunduki, na popo karibu waishe kweli. Kilichosaidia ni kuwa pahala kama Kidike watu wenyewe wa kijiji walikataa mtu kupiga kwenye miti yao, awe nani awe wa wapi, hata mjomba wako. Mwaka 2007 wakahesabiwa kama 20,000. Hawakumtafuta mwenye kosa wa zamani, mpaka leo hajulikani na wote tunamjua.

Kapu la Darajani:
Na anayenunua? Au yeye paa anamuangukia sahanini mwenyewe.

Mtoto wa Uwanda:
Shukrani wote. Bi Muhogo nimekusikia, sikusemi. Leo asubuhi nimerudi na ami nimuoneshe. Paa hayupo, kabebwa, yaani kuna watu leo wanakula kitu kilicholala na siafu siku mbili. Alama za ndara zinatoka mpaka njia ya baskeli hapo zinapotea. Waya wameuacha, ushategwa tena upya. Ami kachuchumaa akalitazama lile fundo muda mrefu, akalipitisha kidole, kisha akatoa kisu akaukata akautia mfukoni akasema twende. Nimemuuliza njia nzima ami umelijua fundo la nani, mpaka sasa naandika hajanijibu, na Jumapili hii kasema haendi usasi.