Sayansi kwa Kiswahili sekondari: tuanze, au tutawaponza watoto?

Mwalimu wa fizikia, Lamu:
Jamani, nipeni maoni. Nilifundisha mvuto wa mwezi kwa Kiingereza, darasa zima kimya. Nikauliza kwa Kiswahili: kwa nini bamvua huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu? Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, akainuka, akaeleza vile maji yanavyopwa mpaka madau yakalala mchangani, kisha yakajaa kupita kawaida. Kilichobaki kilikuwa kidogo tu: siku hizo jua, mwezi na dunia viko mstari mmoja, na mvuto wa jua huongezea ule wa mwezi. Akaelewa papo hapo. Lakini KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, atajibu kwa Kiingereza, na huko alama zitamponyoka. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi sawa na Kiingereza. Basi karatasi za sayansi ziandikwe kwa lugha zote mbili, mtahiniwa achague. Na msiniambie istilahi hakuna; TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990.

Mzazi, Malindi:
Mwalimu, kwa heshima zote, hiyo lugha ya mtoto ni ya mtoto yupi? Kwangu tunasema Kigiriama. Hukohuko kwenu, Mpeketoni, wengi nyumbani ni Kikuyu. Na hao Watanzania wenye kamusi, msingi wanasomesha kwa Kiswahili tangu 1967, tume yao ya elimu, Tume ya Makweta, ikapendekeza mwaka 1982 kipandishwe hadi sekondari, serikali ikakataa. Binti yangu anataka udaktari, na vitabu vya chuo kikuu ni vya Kiingereza. Wenye pesa watawatoa watoto wao wawapeleke shule za binafsi. Watakaojaribiwa ni wetu.

Mwalimu wa fizikia, Lamu:
La Kigiriama ni kweli, sina jibu kamili. Ila binti yako, akitoka kwenye Kigiriama, Kiswahili ki karibu naye kuliko Kiingereza. Halafu tusidanganyane: Kiswahili kimo darasani tayari. Tunaeleza kwacho, mkaguzi akiingia tunageuza ulimi. La udaktari silibishi, Kiingereza kiendelee kufundishwa, tena vizuri, kama somo. Mliowahi kusahihisha KCSE, hebu semeni: jibu la fizikia lililo sahihi, lakini limeandikwa kwa Kiswahili, mnalipatia alama ngapi?