Mrejesho: Safari ya Dar hadi Mbeya na watoto wawili

Wapendwa, niliuliza nibebe nini kwenye basi na wanangu, wa miaka 4 na wa miezi 9. Tumefika salama, asanteni sana.

Uliyesema nibebe kopo lenye mfuniko, Mungu akubariki. Hata Mikumi hatujafika, mkubwa keshatapika mara mbili. ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudishia maji mwilini) nilikoroga pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, nikampa kidogo kidogo kwa kijiko mpaka macho yakachangamka. Khanga mbili zilikuwa shuka, mto na pazia la kunyonyeshea.

Ila sweta niliziacha kwenye begi lililokuwa kwenye buti la basi. Makambako baridi ikatukuta na fulana za Dar, mdogo anatetemeka kifuani kwangu. Mnaokuja Julai, sweta zikae mkononi.