Beji ikikosea, hesabu ya hatari ya mionzi huelekea wapi?

Mpiga picha, Kisauni:
Assalaam alaykum. Ninapiga picha za eksirei katika hospitali moja hapa Mombasa. Kwa miezi kadhaa beji yangu ya kupimia mionzi ilikuwa ikisahaulika katika mfuko wa koti, na koti lenyewe hutundikwa ndani ya chumba cha mashine. Mwenzangu naye huiacha yake kwenye droo, kwa hiyo ripoti yake huja na sufuri tupu. Ikiwa hatari ya saratani kwa wafanyakazi wa mionzi hukadiriwa kwa rekodi kama hizi, je, makosa yetu huifanya ionekane kubwa kuliko ilivyo, au ndogo?

Mwalimu wa takwimu, Tudor:
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Inategemea kosa ni la namna gani. Beji yako imehesabu dozi, yaani kiasi cha mionzi, ambayo mwili wako haukuipata, na ya mwenzako imeikosa aliyoipata. Makosa ya kubahatisha kama haya, yanayomzidishia huyu na kumpunguzia yule bila mpango, huulaza mstari unaoonyesha jinsi saratani inavyopanda pamoja na dozi: ikiwa nusu ya variansi (kipimo cha mtawanyiko) ya dozi zilizoandikwa ni kosa tupu, mteremko wa mstari hubaki karibu nusu ya ule wa kweli, na hatari ikapunjwa. Kosa la Berkson ni jingine. Hilo hutokea pale ambapo kila mtu wa kikundi hupewa wastani wa kikundi chake. Wastani ukiwa sahihi, mstari kwa kawaida haulali, ila shaka inayouzunguka hupanuka.

Bi. Afya Kazini, Likoni:
Mwalimu amesema kweli, lakini ile sufuri ya kwenye droo isipitwe hivi hivi. Dozi zikipunguzwa kwa wote kwa uwiano mmoja, hesabu hugeuka: ukiandika nusu ya kilichopokelewa ilhali wagonjwa ni walewale, kila milisivati (kizio cha dozi ya mionzi) itaonekana na hatari maradufu. Katika utafiti wa nchi 15 kuhusu saratani kwa wafanyakazi wa sekta ya nyuklia, uliochapishwa mwaka 2005, wenye wafanyakazi zaidi ya 400,000, takwimu za Kanada ziliyavuta sana matokeo juu. Baadaye ikabainika kwamba rekodi za dozi za baadhi ya wafanyakazi wa miaka ya mwanzo huko hazikukamilika.

Mpiga picha, Kisauni:
Ahsanteni sana. Na aproni ya risasi, ile ya madini ya kuzuia mionzi, je? Wengine huvaa beji juu yake, wengine chini.

Bi. Afya Kazini, Likoni:
Ya juu husoma dozi ambayo viungo vilivyofunikwa havikuipata yote, na ya chini haikuambii kitu kuhusu macho na shingo. Kwa hiyo ripoti isiyotaja beji ilivaliwa wapi ni vigumu kuisahihisha. Ama ile miezi ya koti, mwone afisa wa usalama wa mionzi aiandike kwenye rekodi yako, pamoja na tarehe na mahali koti lilipotundikwa, maadamu bado mnakumbuka.