Kadi ya Hank Aaron ya 1957, nambari 44 imegeuka: nitoe rupia yangu au nisitoe?

MwanaKibokoni: Assalaam aleikum jamani. Nina rupia ya fedha ya 1888, zile za kampuni ya Waingereza ya IBEA (Imperial British East Africa) zilizopigwa Birmingham, zenye jina Mombasa. Nimeachiwa na nyanya. Sasa jirani yangu, ami mmoja aliyekuwa na duka la vinyago karibu na Fort Jesus, ana kadi ya besiboli, ile kadibodi ndogo yenye picha ya mchezaji: Hank Aaron, iliyotolewa na kampuni ya Topps ya Marekani mwaka 1957. Aliipata miaka ya 1980, manowari za Marekani zilipokuwa zikitia nanga hapa. Baharia kapenda twiga wa mti, pesa hazikutosha, akajazia kwa kadi.

Nimemtamani Aaron tangu niliposoma vile alivyompita Babe Ruth kwa idadi ya mipira aliyoivusha nje ya uwanja, tarehe 8 Aprili 1974. Ami ataka rupia, hataki shilingi. Lakini jana nimeitazama kadi vizuri: jamaa ameshika gongo kama mashoto, na 44 ya kwenye jezi imeandikwa kinyume! Aaron alikuwa akipiga kwa kulia. Nauziwa mbuzi kwenye gunia?

FundiSaa: Hilo kosa ni la Topps wenyewe, kaka. Picha ilichapishwa imepinduliwa na hawakuirekebisha. Ila usishangilie bado, maana nakala zilizochapishwa upya zinaweza kubeba kosa hilohilo. Chukua rula. Mwaka 1957 ndipo Topps walipopunguza kadi zao kuwa karibu milimita 64 kwa 89. Za 1956 zilikuwa kubwa zaidi. Ikipungua, huenda kuna mtu kaikata kingo ili pembe zionekane kali. Kisha igeuze: nambari ya kadi iwe 20, na hesabu za mchezo wake za mwaka kwa mwaka ziishie 1956. Kadibodi ya zamani haing'ai, ina ujivujivu. Ikiwa nyeupe pe na laini kama kadi ya harusi, mrudishie mzee kadi yake, unywe kahawa uende zako.

BintiMarikiti: Mimi nakukataza. Kadi ya Aaron wa 1957 Marekani hawaikosi, mwenye pesa ataipata. Rupia ya nyanya ukiitoa utaikuta wapi tena? Tena usije ukaisugua kwa ndimu ing'are kabla ya kumpelekea. Mjomba wangu alifanya hivyo kwa pesa zake za zamani, zikabaki kama vifuniko vya soda.

MwanaKibokoni: Nimerudi. Nimepima pale pale barazani kwake kwa rula ya mwanawe wa shule: 64 kwa 89, barabara. Nyuma ni 20, mstari wa mwisho 1956, na ile 26 ya kuvusha mpira nje ya uwanja ipo. Pembe ya juu kulia imevunjika, na kuna duara hafifu la kikombe cha kahawa. Hilo ni la Ami, amekiri mwenyewe.

Dada, maneno yako yameniingia. Lakini rupia imekaa kwenye kopo la tangawizi miaka kumi bila kutazamwa.

Sasa kosa langu: nilimsomea Ami majibu yenu kwa sauti. Kumbe miaka yote hii alidhani Aaron ni mashoto. Kusikia kwamba kampuni nzima ilikosea, ameirudisha kadi kwenye bahasha. Ataka rupia na pesa mbili za shaba za 1888, zile sarafu ndogo za kampuni hiyohiyo, juu yake. Ninayo moja tu. Kuna mwenye ya pili, tuonane Marikiti Jumamosi?